Nani wa Kusema Mguu Umekaa

Makao Makuu
3 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa sababu ya sheria yetu: tukiongea kwenye simu tunapigiana kelele, Mama anasikia na presha yake inapanda. Basi iwe barua. Mwenzio nimenunua hadi bahasha.

Habari yenyewe ni hii: kampuni yako sasa ni kampuni yangu pia. Wamenipa kazi ya kuchora mfumo mpya wa kompyuta kwa karakana zote za miguu bandia, kuanzia hapo kwenu mnapopiga plasta ya kupimia mguu hadi tawi la pili wanapomalizia. Umenibeba mgongoni utoto mzima, sasa utanibeba na kazini.

Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Programu kubwa siku hizi haijengwi kitu kimoja. Inakatwa vipande, kila kipande kinaitwa huduma, kina kazi yake na mtu wa kuulizwa. Ugomvi wote ni mahali pa kukata. Washauri waliokuja kabla yangu walizunguka karakana na saa mkononi wakiuliza nani anafanya nini baada ya nini, wakakata hapo hapo. Huduma ya Mapokezi, huduma ya Plasta, ya Kumimina, ya Kukata, ya Saini. Kuna moja nimeikuta inaitwa huduma ya Ghorofa. Nikauliza ni ya nini. Kumbe zamani faili lilipandishwa ghorofani kusainiwa, nao wakadhani ngazi ni hatua ya kazi! Lile jengo tulishalihama, sote tuko chini, lakini kompyuta ingeendelea kupandisha faili. Mbavu sina.

Mimi sikati hivyo. Nauliza watu wanakuja kwetu wakiwa na haja gani, na ni kitu gani kampuni haiwezi kuacha kufanya hata ikibadilisha vifaa vyote. Nimepata vipande vinne: Mteja, Mguu Unaomkaa, Miadi na Malipo. Kukata haipo tena, Plasta haipo, Ghorofa ndiyo usiseme. Mkurugenzi amenikunjia uso, na mimi nimemkunjia wangu. Bodi itaamua mwezi ujao.

Mwambie Mama nakula vizuri.

Wako,
Chiriku


Karakana
11 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mama hajambo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pale ulipoandika kwamba Plasta haipo, umetuweka katikati ya msumeno na ngazi za jengo lililohamwa. Asante sana.

Hebu nikukumbushe unamfuta nani. Tuko sita kwenye chumba hiki. Sakafu haijawahi kukauka, na kila mmoja wetu ana nyufa mikononi kama kisigino. Mzee Mkasi anakata bandeji. Shangazi wa Ndoo anachanganya unga wa plasta na maji, na asubuhi hasalimii mtu mpaka ndoo ya kwanza imekaa sawa. Mteja akikaa kwenye kile kiti, mguu uliobaki uko mikononi mwetu, anatueleza mambo ambayo hajamwambia hata mwenzake wa ndani. Hicho ndicho kitu unachokiita hatua.

Nimekufundisha kufunga kamba za viatu mimi. Sifutwi na kalamu yako. Chumba hiki kitakuwa na kisanduku chake kwenye huo mchoro, kimeandikwa PLASTA kwa herufi kubwa, au mimi si kaka yako. Ulipenda vita, karibu.

Kaka


Makao Makuu
18 Februari

Kaka,

Shikamoo tena, ingawa safari hii inatoka kwenye meno.

Umenielewa vibaya, na nadhani umefanya makusudi. Sijamfuta mtu. Nimefuta jina la hatua. Chumba chako kimo ndani ya Mguu Unaomkaa, tena ndicho moyo wake, kwa sababu nyinyi ndio mnaojua kama mguu utamkaa mtu au utamtesa. Mfumo ukikatwa kwa hatua, siku hatua moja ikibadilika unabomoa ukuta. Ukikatwa kwa haja ya mteja, njia inaweza kubadilika na nyumba ikabaki imesimama. Leo mnapima kwa plasta. Kesho mtapima kwa kitu kingine. Haja ya mtu kusimama itakuwa pale pale.

Najua utauliza hicho kitu kingine ni kipi. Siwezi kuandika kila ninalolisikia kwenye ofisi hii, siku ya kuajiriwa nilitia saini ya kufunga mdomo. Niamini, walau mara hii moja. Na tafadhali usiende kwa Mkurugenzi. Anapenda hatua kwa sababu hatua inapimwa kwa saa, na chochote anachoweza kukipima kwa saa anajua namna ya kukipunguza.

Mimi simwogopi. Nakuogopa wewe na kichwa chako kigumu.

Chiriku


Karakana
2 Machi

Chiriku,

Sawa. Wewe ndiye uliyesoma hayo mambo. Fanya unavyoona.

Bodi inakaa lini hasa? Nataka kujua tu, nikuombee.

Mama anasema unywe maji ya kutosha.

Kaka


Makao Makuu
20 Machi

Kwa Mkuu wa Chumba cha Plasta,

Maombi yako yamefika. Mkurugenzi aliyasoma kwa sauti mbele ya bodi nzima, kurasa mbili, na saini zenu sita chini yake. "Sisi mafundi tunaomba kila hatua ya kazi iheshimiwe kwa kupewa huduma yake." Nilikuwa nimesimama pale na mchoro wangu ukutani. Niliitambua lugha yako kabla hajafika kwenye saini. Mjumbe mmoja akaniangalia kwa huruma. Afadhali angenizaba kofi.

Mpango wa hatua umepita. Hata Ghorofa imepita, ila wameibadilisha jina.

Sasa nisikilize, maana hiyo saini ya kufunga mdomo siijali tena. Baada ya kikao Mkurugenzi aliniita ofisini, amechangamka kama bwana harusi. Akaweka kidole juu ya kisanduku chako, PLASTA, herufi kubwa kama ulivyotaka. "Umeona uzuri wa mpango wa kaka yako?" akasema. "Kila hatua iko peke yake. Kamera ikifika nachomoa hii, nachomeka ile, wengine hata hawashtuki."

Kamera ya kupima miguu, Kaka. Mtu anakaa, inamzunguka, plasta haihitajiki. Wameulizia bei tangu kabla sijaajiriwa. Hilo ndilo sikuweza kukuandikia. Nilikuwa nimewaweka nyinyi ndani ya kitu ambacho Mkurugenzi hawezi kukichomoa bila kampuni kukosa sababu ya kuwepo. Wewe ukatoka mwenyewe, ukasimama uwanjani peke yako, ukampungia mkono.

Nimeamriwa nichore mfumo wa majaribio kwa mpango wenu. Nitauchora. Usiniandikie.

Mchora Mifumo


Karakana
14 Mei

Chiriku,

Ulisema nisikuandikie. Nimenyamaza mpaka mdomo umeota kutu. Leo utanisamehe au utanichana barua, lakini utasoma.

Mfumo wa majaribio umefika. Mteja wa kwanza alikuwa Refa. Wewe humjui, alianza kuja ulipokuwa umeshahama: ni yule mama anayechezesha mpira wa watoto wa shule, mguu ulikatwa chini ya goti baada ya kugongwa na lori. Mguu wake wa zamani umechakaa kwa kukimbizana na watoto, akaja kuchukua mwingine.

Tukafanya yetu, nikabonyeza Imekamilika, taa ikawa ya kijani. Kumimina kijani. Tawi la pili wakakata kwa kipimo walichokiona kwenye skrini, kijani. Saini kijani. Mfumo ukafunga kazi wenyewe, ukaandika: mteja amehudumiwa. Refa akauvaa, akasimama, akakaa papo hapo. "Unanichoma," akasema, "kama nimekanyaga msumari."

Nikawapigia wa Kukata. Wakasema kwao kijani. Wa Kumimina, kijani. Nikaangalia changu mwenyewe, kijani kama jani la mchicha. Nikatafuta kitufe cha kusema mguu haujamkaa. Hakuna! Kila mtu ana kitufe cha hatua yake, hakuna mwenye kitufe cha Refa. Dawa pekee ni aanze upya Mapokezi kama mteja mgeni.

Refa akaketi kwenye benchi la mapokezi, mguu juu ya mapaja. Akasema haondoki mpaka mtu aseme huo mguu ni wa nani. Binti wa mapokezi akamwambia, "Ni wako, mama." Refa akamjibu, "Wangu nilizaliwa nao. Nauliza huu." Watu walijaa pale kama kwenye fainali.

Nikatoka chumbani na aproni yangu, nikasema ni wangu. Nikauchukua, nikaupasha moto ukingo, nikausaga, akajaribu, nikausaga tena, mpaka akatembea hadi getini na kurudi bila kushika ukuta. Juzi nimepewa barua ya onyo: kuigusa kazi iliyofungwa. Nimeibandika juu ya sinki ili irushiwe maji.

Nilikosea, mdogo wangu. Nilidhani kisanduku ni ngome, kumbe ni mpini wa kutushikia. Na nilikwenda nyuma ya mgongo wako, hilo ndilo linaloniuma kuliko onyo. Watu watano wa chumba hiki walitia saini kwa sababu niliwaambia tutie. Kamera ikija wakafukuzwa, nitawaangalia vipi? Niambie cha kufanya nami nitafanya, hata kama kinanidhalilisha.

Kaka yako


Makao Makuu
21 Mei

Kaka,

Shikamoo, na hii ni ya moyoni.

Usidhani hasira zimeisha. Nimezitenga pembeni tu, bado zinachemka. Lakini nilipofika pale Refa anauliza mguu ni wa nani, nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akafunga mlango. Kisha nikalia kidogo. Miezi mitatu nawaeleza wajumbe kwa mishale na miduara jambo ambalo huyo mama amelisema akiwa benchini.

Nimekataa kuchora mfumo kamili wa hatua. Nimemwandikia Mkurugenzi mstari mmoja: sichori. Na mwenyekiti wa bodi nimemwandikia kuomba kikao cha pili, nikamtumia nakala ya lile onyo uliloniambia, niliitafuta mwenyewe kwenye majalada. Amekubali. Ni mama mtu mzima, hasemi sana, ila amekubali.

Nataka vitu viwili kwako. Mlete Refa. Pili, andika chumba chako kipo kwa ajili gani, na neno plasta lisionekane hata mara moja. Wala unga, wala bandeji.

Na sitakudanganya. Kamera itakuja. Sipigani isije. Napigania nani ataishika, na nani atakuwa na haki ya kuikatalia.

Chiriku


Karakana
30 Mei

Chiriku,

Kazi uliyonipa ni adhabu. Tumekaa wote sita chumbani, tumefunga mlango. Jaribio la kwanza lilikuwa na plasta kila mstari. La pili tuliiondoa, tukabaki na karatasi tupu. Mzee Mkasi akasema basi labda kweli hatuna kazi. Shangazi wa Ndoo akamtukana, sitaandika alivyomtukana.

Nikawauliza: Refa angekuja leo, sisi hatuna ndoo, hatuna unga, hatuna hata kiti, angetaka nini kwetu? Hapo maneno yakaanza kutoka. Tumeandika hivi: "Tupo ili mtu asimame na asiumie. Akiumia, arudi kwetu, wala asiulizwe ni hatua ya nani."

Shangazi wa Ndoo akasema, "Kumbe mimi si mtu wa unga." Sikujua kama amefurahi au amefiwa. Nadhani vyote viwili.

Nikuambie na langu. Nimejaribu kuiingiza kamera ndani ya maneno hayo, kila upande, nikitaka ikatae. Inaingia. Maneno hayavunjiki. Imeniuma, na sitajifanya haijaniuma. Lakini sasa nimeelewa ulichokuwa unachora.

Refa anakuja na filimbi yake. Nimemwomba aiache nyumbani, amekataa.

Kaka


Makao Makuu
17 Juni

Kaka,

Shikamoo. Uliondoka na basi la mchana, hukuona mwisho wa sinema.

Ulipotoka kikaoni na Refa, wajumbe walikuwa bado wanacheka kimya kimya. Mkurugenzi kumwambia, "Mama, kwenye mfumo wewe umeshahudumiwa," na yeye kumjibu, "Basi vua kiatu, weka kokoto ndani, usimame tuzungumze"! Hakuvua. Mwenyekiti akasoma maneno yenu mara mbili, akauliza swali moja tu: "Katika mpango wa hatua, mguu usipomkaa mtu, nani anajibu?" Mkurugenzi akaanza kueleza. Mwenyekiti akamkatiza: "Nimeuliza nani." Hakukuwa na mtu.

Mchoro wangu umepita. Vipande vinne. Kamera itawekwa ndani ya Mguu Unaomkaa, na hakuna kazi itakayofungwa mpaka mwenye huduma hiyo akubali kwamba mguu umekaa.

Mchoro wameuchukua, mimi wameniacha. Mkurugenzi alisema nikiomba radhi kwa maandishi kwa kukataa amri yake, nitabaki. Nikamwambia wino umeniishia. Kadi ya mlango nimeshairudisha, barua hii naimalizia nje ya geti. Usinionee huruma, nimetoka pale kichwa juu, na kuna kampuni ya maji inahitaji mtu wa kuwauliza wanauza nini.

Sasa sikia, hili ni lako. Huduma ya Mguu Unaomkaa inataka mwenyewe, mtu mmoja wa kuulizwa. Ana haki ya kusema hapana, na hata Mkurugenzi hawezi kuipindua. Lakini Mkurugenzi amepenyeza sharti lake, na bodi imelikubali ili wamalize kikao: kazi zikichelewa kwa kukataliwa hovyo katika miezi ya mwanzo, mwenyewe anaondoka na chumba kinafungwa. Kwa hiyo kila hapana yako ina bei. Nafasi ya mwenyewe nimeiacha wazi. Usiijaze kwa ajili yangu. Tuko sawa, Kaka, hatudaiani kitu.

Chiriku


Karakana
9 Agosti

Chiriku wangu,

Nimeijaza. Niliwauliza kwanza wenzangu, kwa sababu safari hii sitii saini kwa niaba ya mtu. Mzee Mkasi alisema kama tunakwenda, twende tukiwa tumesimama.

Kamera imefika wiki iliyopita. Tumeiweka pale palipokuwa na mapipa mawili ya unga. Sakafu upande ule imekauka, naona ajabu kila nikiikanyaga. Shangazi wa Ndoo ndiye aliyejifunza upesi kuliko sote. Anaisemesha, anaiambia ikae vizuri.

Leo tumetoa mguu wa kwanza uliopimwa na kamera. Refa alijitolea, alitaka wa akiba. Vipimo vyote sawasawa, hata mimi sikuona kasoro. Skrini ikauliza: Mguu umemkaa? Ndiyo au Hapana. Chumba kizima kilikuwa nyuma yangu. Wote wanajua sharti la Mkurugenzi, na Refa analijua pia, maana mdomo wa Mzee Mkasi hauna mlango.

Refa akausimamia. Akaenda dirishani, akarudi. Akasema, "Umekaa. Safi kabisa. Andika ndiyo."

Nikamwambia aende tena. Akaenda, akarudi, anatabasamu, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Chumba chetu kina baridi, Chiriku.

"Refa," nikamwambia, "unaumia."

"Nimeumia zaidi ya hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Andika ndiyo. Nisije nikawaponza."

Nikabonyeza Hapana.

Simu ikaita kabla sijakaa. Mkurugenzi. Hapana ya kwanza, mguu wa kwanza, kamera mpya! Akataka kusikia kwa mteja mwenyewe, nikampa simu, na Refa akaapa kwamba umekaa. Mkurugenzi akaniambia, "Umesikia? Badilisha." Nikamwambia mteja ananihurumia, ndiyo maana anadanganya, na huduma hii ni yangu, sibadilishi. Akasema ameiandika kama ya kwanza kwenye hesabu yangu. Nikamwambia aandike kwa wino usiofutika.

Nilipogeuka, Refa alikuwa ameshauvua mguu na amekaa kitini, ananitukana kwa upumbavu wangu, machozi yanamtoka. Mahali palipokuwa panamchoma palikuwa pekundu, ngozi imeanza kuchubuka. Shangazi wa Ndoo akamwinamia, akamuuliza, "Wapi hasa, mwanangu? Nionyeshe kwa kidole."

Anamwonyesha sasa hivi ninapoandika. Tunaanza upya.

Kaka yako